Mbio za Magari ni Mchezo, Lakini Kuendesha Gari si Mazoezi

Tangu mashindano ya Safari Rally yalipoanza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, wengi wamehoji iwapo dereva aliyeketi anastahili kuitwa mwanamichezo. Jibu limo mwilini mwake. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Wa dereva wa mashindano huweza kupiga zaidi ya mara 150. Joto la ndani ya gari humtoa jasho jingi, na misuli ya shingo na mikono hukazana kuhimili kona na mitikisiko. Kwa kipimo cha tiba, huo ni mchezo halisi.

Hata hivyo, dereva wa lori anayepita Singida kuelekea Rwanda asijifariji kwa hoja hiyo. Yeye huketi saa nyingi bila kuushughulisha mwili, hali inayochangia unene, shinikizo la juu la damu na kisukari. Shirika la Afya Duniani hupendekeza walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, kama vile kutembea kwa haraka. Mhudumu wa afya anayempokea ampime shinikizo la damu, kisha amshauri kutembea kila anapoegesha lori.