Uzamivu wa uhandisi wa kilimo: Swali kwanza, chuo baadaye

WAHITIMU wengi wenye nia ya kusomea shahada ya uzamivu ya uhandisi wa kilimo nchini Marekani huanza kwa kuuliza chuo kipi ni bora na ada yake ni kiasi gani. Swali linalopaswa kutangulia ni jingine: ni tatizo gani ninalotaka kulitatua, na ni nani anayelichunguza?

Uhandisi wa kilimo na baiolojia hutumia hesabu, fizikia na elimu ya viumbe hai katika uzalishaji wa chakula, tangu udongo na maji hadi mashine, ukaushaji na hifadhi ya mazao. Chama cha wanataaluma hao nchini Marekani kilianzishwa mwaka 1907 kikiwa cha wahandisi wa kilimo. Mwaka 2005 kiliingiza baiolojia katika jina lake, kwa kuwa kazi yao ilikwisha kuvuka mipaka ya trekta na mfereji.

Vyuo vikuu vya Purdue, Illinois na Florida ni miongoni mwa vyenye idara za fani hiyo. Huko, mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida halipi ada yote kutoka mfukoni mwake. Huajiriwa kama msaidizi wa utafiti, akalipwa posho kutokana na fedha za mradi wa profesa, na ada husamehewa yote au sehemu kubwa.

Hapo ndipo penye fundo. Mwombaji mwenye alama nzuri aweza kukosa nafasi kwa sababu tu hakuna profesa mwenye mradi unaolingana naye. Ni vyema basi kumwandikia profesa miezi kadhaa kabla ya kutuma maombi, kwa barua fupi inayoonyesha kuwa umezisoma kazi zake na una swali lako.

Anayekubaliwa hutumia miaka minne au mitano, pengine zaidi. Huanza na masomo ya darasani, akafanya mtihani wa kufuzu mbele ya jopo la maprofesa, kisha utafiti, tasnifu na utetezi wake.

Hata hivyo, anayelipa ndiye anayechagua swali, na mwanafunzi aweza kurejea nyumbani na jibu la tatizo la wengine. Mkulima mkubwa wa Indiana hukausha mahindi kwa mashine za gesi; mkulima mdogo wa Kitui huyaanika juani, mvua ikimvizia. Mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliwaugua watu 317 mashariki mwa Kenya, na 125 kati yao wakafariki dunia. Nafaka hiyo ilikuwa imehifadhiwa kabla ya kukauka vema.

Mahindi yakishuka hadi unyevu wa takriban asilimia 13, kuvu hushindwa kustawi. Kumwezesha mkulima mdogo kukifikia kiwango hicho kwa gharama anayoimudu, katika msimu wa mvua, ni swali la kihandisi linalostahili uzamivu.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali nafasi, mwombaji na amuulize profesa jambo moja: je, sehemu ya utafiti yaweza kufanyika nyumbani, katika mazao na mazingira ya kwao? Jibu la swali hilo laweza kuwa na uzito kuliko jina la chuo.