Banda la Kuku Wakati wa Karafuu



Katika mkutano wetu uliopita mzee mmoja aliuliza kwa nini kuku wake hufa zaidi msimu wa karafuu kuliko miezi mingine, na baadhi yetu wakacheka wakasema labda ni husuda. Nimeona nimjibu hapa, kwani jambo lenyewe si la kucheka. Sote twajua kwamba mikarafuu haizai sana kila mwaka. Ukija mwaka wa karafuu chache, mayai na majogoo ndiyo hununua madaftari ya watoto na sabuni ya nyumbani. Tena aghlabu kuku hao ni mali ya mama zetu na wake zetu. Sisi wanaume hukumbuka kwamba nasi twafuga pale tunaponusa mchuzi.

Miezi mingine kuku hufunguliwa alfajiri, hutawanyika shambani, na hurudi magharibi. Banda kwao ni pahala pa kulala tu. Lakini karafuu zikianikwa majamvini uwanjani, kuku hufungiwa mchana kutwa, na ni haki wafungiwe, maana kuku akipanda jamvini huparura karafuu akazitupa mchangani, na kinyesi chake huchafua kitu ambacho mtu mwingine atakitia katika chakula, licha ya kwamba ni najisi. Basi banda lililojengwa kwa ajili ya usiku lageuka nyumba ya usiku na mchana. Na haya hutokea wakati ambao mwenye kuku yuko juu ya mkarafuu tangu asubuhi, na jioni yuko chini anachambua makonyo. Mvua za vuli nazo hazingojei tumalize.

Khatari kubwa humo bandani ni maji. Katika kinyesi kibichi cha kuku, kiasi cha robo tatu ni maji. Kinyesi hicho kikikaa na unyevu huoza na kutoa hewa ya amonia, ile harufu inayochoma pua na kutoa machozi. Mtu akisimama mlangoni pengine haisikii. Yafaa ainame mpaka pua yake ifike kimo cha kuku, avute pumzi huko chini wanakolala. Hewa hiyo huumiza macho ya kuku na njia zake za pumzi, kisha mafua hupata pa kuingilia.

Baya zaidi ni kuhara damu. Vijidudu vya ugonjwa huu vitokapo katika kinyesi huwa bado havijaweza kuambukiza. Huhitaji joto na unyevu kwa muda wa siku 1 au 2 ili vikomae. Joto tunalo mwaka mzima, kwa hiyo kilichobaki mkononi mwetu ni unyevu. Dawa nyingi za kuoshea sakafu haziviui kwa urahisi, na anayemwaga dawa juu ya sakafu iliyo chepechepe amezidisha maji tu. Wanaokufa zaidi ni vifaranga, khasa wa wiki 3 mpaka 6. Ukiwaona wamezubaa, mbawa zimeshuka na kinyesi kina damu, mwendee bwana mifugo siku ile ile, kwani dawa yake ipo.

Nayasema haya nikiwa nimeyalipia. Masika moja kuku wangu aliangua vifaranga 14. Nikaona niwatandikie majani ya mikarafuu yaliyoanguka, kwani yalikuwa tele na hayana bei. Jani la mkarafuu ni gumu na linateleza, halinywi maji. Yalilala moja juu ya jingine kama bati, na chini yake pakawa tope nisiloliona. Walibaki 3. Bibi mmoja jirani yangu alikuja, akayafunua majani kwa kijiti, akaniambia, "Mwanangu, hawa hukuwalaza, umewaroweka." Sikuwa na la kumjibu.

Basi tandiko jema ni lile linalokunywa maji na kisha kuyaachia upesi, lisilo na vumbi wala ukungu. Maranda ya seremala, yale yatokayo kwenye randa, ni mazuri kuliko yote tunayoweza kuyapata, illa muulize fundi kwanza kama mbao zake zimetiwa dawa ya mchwa. Zikiwa zimetiwa, mwachie maranda yake. Vumbi la msumeno si sawa na maranda. Ni jepesi, huingia puani mwa kuku, na vifaranga hulila wakidhani ni chakula. Makapi ya mpunga kutoka mashineni yafaa pia, ingawa hayanywi maji kama maranda. Hubaki yamekaa wazi wazi na hewa hupita. Yawe makapi matupu, kwani yakichanganyika na pumba kuku watayaparura kutafuta chakula, na pumba ikirowa huchacha. Majani makavu ya mpunga yakatwe vipande vifupi, la sivyo hufungamana kama mkeka. Mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Ama makonyo, yapelekeni mzanini. Na tandiko lolote linalonuka ukungu lisiingie bandani hata kama umelinunua, kwani ukungu ule huota katika mapafu ya vifaranga.

Tandika unene wa vidole vinne vilivyolala. Kila siku geuza kwa jembe dogo au uma, na uondoe pale palipogandamana, khasa chini ya fito wanazolalia na kando ya chombo cha maji. Chombo hicho kiinuliwe mpaka kimo cha mgongo wa kuku, wasikimwage. Kujua kama tandiko bado ni zima, lifumbate mkononi kisha ufumbue. Likibaki donge, limelowa mno, litoe. Likivunjika polepole ni sawa. Likiwa vumbi tupu, limekauka kupita kiasi. Baada ya hapo nawa mikono kwa sabuni, na watoto pia wanawe.

Matandiko yote yatolewe kabla uchumaji haujaanza, sio katikati yake. Kwangua sakafu, iache ikauke jua kutwa, paka kuta chokaa, na chokaa ikikauka ndipo utandike mapya. Usinyunyize chokaa kuku wakiwamo, huwaunguza miguu. Nyufa za fito zitazame usiku kwa taa, kwani utitiri hujificha humo mchana na kutoka kunyonya damu kukiwa na giza. Maji yanayochemka huumaliza, mradi kuku wametolewa. Chini ya paa pawe na uwazi wa kupitisha hewa, na kuku wasizidi 4 au 5 kwa kila mita moja ya mraba ikiwa watashinda ndani.

Usafi huu hauzuii kideri. Kideri kina chanjo yake ya tone la jicho, na hurudiwa kila miezi 3 au 4.

Uchafu utakaoutoa usiutupe. Urundike pembeni, uufunike usipigwe na mvua, ukae miezi kadhaa mpaka upoe na harufu yake iishe, ndipo uuweke chini ya mikarafuu, mbali kidogo na shina. Ukiwa mbichi huunguza mizizi, na miche ndiyo huumia kwanza.

Wanaotaka makapi ya mpunga na waniletee majina yao kabla ya mwisho wa mwezi, tukodi gari moja kwa pamoja. Kila mtu aje na magunia yake, na yawe makavu.

Katibu