Kabla ya kutia dole gumba kwenye karatasi ya sulhu

Tuchukue mfano wa mama wa Rungwe Mpya aliyepanda bodaboda kwenda Kasulu na debe lake la maharage. Lori linataka kuipita pikipiki kwenye kona, linaigonga, na mama anavunjika mguu. Baada ya siku mbili wazee wanakutana. Mwenye lori ni mtu mpole. Ameleta mchele na mafuta, ametoa shilingi laki mbili za matibabu na ameomba radhi mbele ya imamu. Wote wanasema ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Karatasi inaandikwa kwamba pande mbili zimesameheana na hakuna atakayemdai mwenzake, na mama, maumivu yakiwa bado hayajatulia, anatia dole gumba. Miezi minane baadaye mguu umeunga vibaya, jembe halishikiki, na binti yake wa darasa la sita ndiye mpishi na mchota maji wa nyumba nzima.

Mama huyu ni wa kuwaza tu, lakini hatudhani kuna msomaji wa nyanda za Kasulu na Kibondo ambaye kisa hiki kitamshangaza. Kuamini kudra ni katika nguzo za imani yetu, na hatuna neno juu ya hilo. Tunachokihoji ni ile haraka ya kuifanya kudra kuwa risiti ya kufunga hesabu. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 92, Mwenyezi Mungu anazungumzia mtu aliyeuawa kwa bahati mbaya, pasipo kukusudiwa, na bado anawawekea jamaa zake haki ya diya, isipokuwa wao wenyewe wakiamua kusamehe. Haki imetajwa kwanza, msamaha ukafuata, tena msamaha huo uko mikononi mwa mwenye haki, si mikononi mwa kikao. Na mtu hawezi kusamehe asichokijua.

Basi mama yule alikuwa na haki gani? Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inakataza chombo cha moto kutumika barabarani bila bima inayowahusu watu wengine watakaoumizwa nacho. Hiyo ndiyo bima ndogo, ambayo wengi huikata kwa kuogopa trafiki tu. Kazi yake hasa ni kumlipa aliyeumizwa. Kwa hiyo mama alipoambiwa, “Mwonee huruma, hana kitu,” hakuambiwa kwamba huenda mlipaji mkubwa hakuwa mwenye lori bali kampuni ya bima, ambayo tayari ilikwisha kupokea ada yake.

Hapa ndipo karatasi ya sulhu inapoleta madhara. Kampuni ya bima hulipa kwa sababu mteja wake anawajibika. Ukiandika kwamba mteja huyo humdai chochote, umeipa kampuni hoja ya kukataa kulipa. Waweza kumsamehe dereva moyoni, ukala naye, ukamwombea dua, na bado ukadai bima. Usichopaswa kufanya ni kuyafunga madai kwa maandishi kabla ya kujua mguu utapona vipi. Mchele, mafuta na fedha za hospitali vipokewe kwa shukrani, na iandikwe wazi kuwa ni msaada wa matibabu, wala si malipo ya mwisho. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana na kuweka mashahidi katika deni. Ajabu ni kwamba sisi tunaandikiana pale tu tunapotaka kuifuta haki.

Hadaa nyingine ni kudhani kwamba dereva akipigwa faini mahakamani shauri limekwisha. Faini ile huenda serikalini. Madai ya fidia ni shauri la pembeni, nalo kwa kawaida hufunguliwa Mahakama ya Wilaya. Ikiwa dereva alikuwa kazini kwa tajiri wake, tajiri naye huwajibika. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka mitatu kwa madai ya namna hii. Ni mingi kwa kuhesabu, lakini ushahidi huchakaa mapema zaidi.

Kwa sababu hiyo siku ya kwanza ndiyo yenye uzito. Majeruhi atibiwe kwanza. Kisha ndugu mmoja afuate fomu ya polisi namba 3, ile iitwayo PF3, ambayo tabibu huijaza kueleza majeraha. Namba ya gari iandikwe na ipigwe picha kwa simu, maana magari huondoka. Yachukuliwe majina ya walioshuhudia. Baadaye polisi waombwe ripoti yao ya ajali na mchoro wa eneo. Na risiti! Mahakama huweza kukadiria fidia ya maumivu na ulemavu kwa busara yake, lakini fedha ulizotumia kwa dawa na nauli za kwenda hospitali hudai uthibitisho. Mfuko mmoja wa plastiki uliotundikwa ukutani, wenye kila karatasi, ni wakili wa kwanza wa majeruhi.

Abiria wa bodaboda naye aulize jambo moja: pikipiki imekatiwa bima ya biashara au ya matumizi binafsi? Iliyokatiwa matumizi binafsi, kisha ikabeba abiria wa kulipa, huzaa mabishano.

Aliyeumia akiwa kazini kwa mwajiri ana mlango mwingine, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Na kampuni ya bima ikizungusha, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa ili wananchi wasilazimike kuanzia mahakamani. Asiye na uwezo wa wakili amtafute msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua.

Ajali ikiua, mume au mke, wazazi na watoto wa marehemu wana haki ya kudai kwa kule kuondokewa na mtegemewa wao. Fidia hiyo hugawanywa kama mahakama itakavyoelekeza, kwa kutazama nani alimtegemea marehemu. Ndugu wasiichanganye na mirathi wakaanza kugombea mafungu. Mjane aliye katika eda ya miezi minne na siku kumi hana haja ya kutoka kwenda kituoni. Ampe shemeji au kaka anayemwamini ule mfuko wa karatasi, naye aanze kufuatilia wiki hiyo hiyo.