Si Kila Daktari Aliyekosa Nafasi Amefungwa



Mama mmoja alitujia baada ya sala ya alasiri. Mwanawe, aliyehitimu udaktari nchini Misri na sasa anaishi kwa mjomba wake Marekani, amekosa nafasi ya mafunzo ya ubingwa kwa mwaka wa pili. "Sheikh, msomee mwanangu," alisema. "Husuda imemfunga." Tulimwombea dua, kwani dua ni haki yake. Kisha tukamwomba ampigie mwanawe simu, nasi tumsikilize. Tuliyojifunza tunayaweka mbele yenu, kwa kuwa nyumba zaidi ya moja hapa pwani zina kijana katika njia hiyo.

Marekani, kwa kawaida, shahada ya udaktari peke yake haimpi mtu ruhusa ya kutibu. Sharti afanye mafunzo hospitalini, aghalabu miaka 3 au zaidi. Tangu mwaka 1952 nafasi hizo hugawanywa kwa mfumo wa kitaifa. Mwombaji huhojiwa, kisha huziorodhesha hospitali kwa kadiri anavyozipenda. Hospitali nazo huwaorodhesha waombaji, na orodha hizo hulinganishwa. Katikati ya Machi, Jumatatu huambiwa kama amepata, na Ijumaa huambiwa ni wapi.

Mwaka 2024, katika kila wanafunzi 100 waliokuwa wakimaliza vyuo vya huko vya shahada ya MD, zaidi ya 93 walipata nafasi. Katika kila 100 wasio raia waliosomea nje, walipata takriban 58 tu.

Sababu zake zahesabika. Kwanza, gharama kubwa ya mafunzo hayo hulipwa na serikali kuu, na sheria ya mwaka 1997 iliweka kikomo cha nafasi inazozigharimia. Nyongeza za karibuni ni chache. Pili, aliyesomea nje hupaswa kuthibitishiwa shahada yake na kufaulu mitihani ya huko. Tangu Januari 2022 mtihani wa kwanza hauna alama, ila kufaulu au kuanguka, basi alama za wa pili zimekuwa na uzito zaidi. Tatu, zipo hospitali zisizomdhamini mgeni kwa viza, na zipo zisizomtaka aliyehitimu miaka mingi iliyopita au asiye na barua za madaktari wa Marekani waliomwona kazini. Nne, wapo wanaoomba fani zenye msongamano pekee, kama upasuaji wa ubongo au maradhi ya ngozi, ilhali mamia ya nafasi za tiba ya familia hubaki wazi katika ulinganisho huo.

Kijana wetu alihitimu miaka 6 iliyopita. Aliomba upasuaji pekee, akaitwa kuhojiwa mara moja, akaorodhesha hospital moja. Hapo hapana fundo la kufunguliwa. Pana orodha fupi. Tulipomuuliza kwa nini upasuaji tu, alijibu kwa sauti ya chini kwamba nyumbani wameshazoea kumwita daktari wa upasuaji, naye aliona haya kuwaambia vingine. Alikuwa ameacha kupokea simu za jamaa, kwa kuwa swali la kwanza lilikuwa ni lile lile: "Umepata?"

Mama aliinamisha kichwa.

Wazazi wetu, tawakkul haiondoi wajibu wa kujiandaa. Kabla ya kuuza shamba, ulizeni: kijana amehitimu lini? Alama zake zikoje? Nani atamwandikia barua? Yu radhi kuomba fani isiyo na sifa mtaani? Na mlango wa kurudi usifungwe kwa aibu. Aliyesomea Misri aweza kufanya mtihani wa baraza la madaktari la Kenya, akamaliza mwaka wa mafunzo ya kazi hospitalini, kisha akaomba ubingwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi au cha Moi. Nao mgonjwa wa Lamu au Kwale amhitaji daktari kama wa Ohio.

Kabla ya kuondoka, mama aliichukua tena simu. Hakuuliza habari za nafasi. Alisema, "Mwanangu, umekula?"

Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya kheri, popote ilipo. Amin.