Tanga Mbili na Tufani: Somo Nililolipata Kakamega

Mtu wa pwani akitajiwa Kakamega hujiwa na fikra za msitu mkubwa, miwa, mahindi na mvua ya alasiri. Bahari haimjii kabisa, wala hakosei, maana mji ule uko zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa, tena umepanda juu kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hata hivyo, ndugu msomaji, ni huko Kakamega nilikopata jawabu la swali lililonikaa rohoni tangu Mei 2024: kwa nini onyo la tufani likija pwani, huyu hulishika na yule hulicheka, ilhali wote wawili wana masikio mazima?

Mwezi huo ndipo ilipotujia Hidaya. Kimbunga hicho kilizaliwa baharini, mashariki ya Tanzania, kikapata nguvu na kuelekea Mafia. Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania ilitangaza mapema. Vyombo vya abiria baina ya Dar es Salaam na Unguja vikasimamishwa; na kwetu Kenya serikali ikakataza watu kuogelea na kuvua mpaka hatari ipite. Tarehe 4 Mei kikafika Mafia kikiwa kimekwisha kupungua nguvu, Alhamdulillahi. Lakini mvua yake iliikata barabara ya kusini pale Somanga, na watu wa Lindi na Mtwara wakakatikiwa na njia ya Dar es Salaam.

Jina lenyewe lilifanyiwa mzaha. Waliopita chuoni wanajua kwamba kwa Kiarabu hidaya ni uongofu, bali katika Kiswahili chetu hidaya ni tunu apewayo mtu. "Tuliahidiwa hidaya, mbona haikuletwa?" alisema mmoja barazani Jumapili ile, watu wakacheka, wakaongeza kahawa. Mimi sikucheka. Tufani ikikosa kufika, anayeharibikiwa si mtabiri peke yake. Onyo la pili huja limekwisha kupungua thamani, na la tatu halisikizwi na mtu.

NCHI YA MVUA NA RADI

Safari yangu ya Kakamega ilikuwa ya arusi ya jamaa, kule Mumias. Wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa Mumias ni wapi. Misafara ya Waswahili ilipita huko katika karne ya 19, ikaacha dini, lugha na udugu, na mpaka leo adhana husikika katikati ya mashamba ya miwa.

Nilikaa siku kadhaa baada ya arusi, na kila siku nilishuhudia jambo lile lile. Asubuhi jua, mchana joto, alasiri mbingu ikapiga weusi, radi zikanguruma, na mara nyingine mvua ya mawe ikashuka na kuchana majani ya mahindi. Asili yake ni upepo wa Ziwa Viktoria kukutana na upepo utokao mashariki. Hewa hupandishwa juu, mawingu yakajengeka. Mvua ya Kakamega kwa mwaka hukaribia milimita 2,000, karibu mara mbili ya ile ya Mombasa. Mzee mwenyeji wangu aliniambia, "Sheikh, hapa tukiona wingu lile, hatumalizi mazungumzo. Tunaingia ndani."

Nikamwuliza nani huwaambia habari za mvua, redio au wazee. Akatabasamu, akanielekeza Bunyore.

Bunyore iko kusini ya mji wa Kakamega, siku hizi katika Kaunti ya Vihiga, ingawa zamani ilikuwa ndani ya Wilaya ya Kakamega. Huko uko ukoo wa Nganyi, mashuhuri tangu enzi kwa habari za mvua. Wazee wake hutazama miti inavyochanua na kupukutisha majani, mwendo wa wadudu na ndege, na upepo unakotoka, kisha husema msimu utakuwaje. Wakulima wengi wamewaamini wao kuliko sauti ya redio kutoka Nairobi. Wenye vyeti, kwa upande wao, waliyaona maneno ya wazee kuwa ni ushirikina mtupu.

Basi kuelekea mwaka 2010, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na kituo cha tabia ya nchi cha IGAD, pamoja na wanavyuoni wa Maseno, waliamua kukaa kitako na wazee hao. Kabla ya msimu wa mvua, wazee huleta waliyoyaona na wanasayansi huleta hesabu zao. Hujadiliana mpaka wakapata kauli moja, na kauli hiyo hupelekwa kwa wakulima kwa lugha yao wenyewe, katika mikutano na katika redio ya jamii. Mkulima husikia neno moja kutoka kwa mwenye kipimo na kwa mzee anayemjua kwa jina.

Hapa huenda msomaji akakunja uso. Mimi pia ni Mwislamu niliyelelewa chuoni, na matambiko siyaungi mkono. Ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini kutazama mti na upepo ukajua msimu umegeuka si kudai ghaibu. Ni elimu ya macho na ya miaka. Manahodha wetu waliijua elimu hiyo, na hatukuwaita washirikina.

IKWETA SI UKUTA

Tena tuseme kweli: pwani yetu imejidanganya kwa muda mrefu kwamba tufani ni mambo ya Bukini, ya Msumbiji na ya Bara Hindi. Neno hilo lina asili yake. Kimbunga huzunguka kwa sababu dunia yenyewe inazunguka na kuupinda upepo. Kwenye Ikweta mpindo huo haupo, na karibu nayo ni dhaifu; ndiyo maana Kakamega, iliyo jirani ya mstari huo, hupata radi na mawe lakini haipati kimbunga. Lamu na Mombasa nazo zimepata hifadhi kwa sababu hiyo. Lakini kadiri unavyoshuka kusini, Pemba, Unguja, Mafia, Kilwa, Lindi, ndivyo hifadhi inavyopungua.

Unguja inao ushahidi. Tarehe 15 Aprili 1872, mwezi wa Safar mwaka 1289 Hijria, Sayyid Barghash akiwa hajatimiza miaka miwili katika kiti, tufani iliipiga Unguja. Mikarafuu na minazi iliangushwa kwa mashamba mazima. Merikebu za Sultani ziliharibiwa bandarini, na meli Glasgow iliyoundwa Uskochi mwaka 1878 ilikuwa ya kufidia hasara ile. Ng'ambo, misheni ya Bagamoyo ilibomolewa. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo nyumba ya karafuu. Msomaji anayedhani tufani haijapata kutugusa, basi na aangalie karafuu ya Pemba, ajiulize iliupataje utajiri huo.

Tena siku hiyo mwezi ulikuwa wa nusu, maji yakielekea kuwa maji mafu. Lau ingekuwa bamvua, bahari iliyosukumwa na upepo ingepanda juu ya maji yaliyokwisha kujaa, na habari ingekuwa nyingine.

Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Tarehe 25 Aprili 2019 Kenneth, baada ya kupita Ngazija, ilishuka Cabo Delgado, hatua chache kutoka mpaka wa Mtwara. Mwezi mmoja na kitu nyuma yake Idai ilikuwa imeiangamiza Beira, na watu zaidi ya 1,000 wakafa katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Mei 2024 ikaja Hidaya, na kabla mwezi haujaisha kimbunga kingine, Ialy, kikapita baharini kikielekea kaskazini, upepo wake ukavuma pwani ya Kenya.

Zitazame tarehe zile, ndugu msomaji. Aprili, Aprili, Aprili, Mei. Wazee wetu wana jina la wakati huo. Kaskazi imechoka, kusi haijasimama, upepo hauna kwao. Wao waliuita tanga mbili. Nahodha mwenye akili hakuanza safari ndefu katika tanga mbili. Alivuta chombo pwani, akakitia kalafati, akangoja. Wanasayansi wanahesabu msimu wa vimbunga wa upande wetu toka Novemba hadi Aprili, na Hidaya ikaja Mei, nje ya hesabu yao lakini ndani ya hesabu ya wazee wetu. Sisemi kwamba wazee walijua zaidi ya setilaiti. Nasema kwamba elimu hizi mbili zikikutana, kila moja huziba ufa wa mwenzake, kama walivyoona watu wa Bunyore.

Nayo haja ya kuziba ufa inazidi. Kimbunga hula joto la bahari; maji yakipindukia nyuzi 26 au 27 za Selsiasi hupata chakula chake. Bahari ya Hindi ya magharibi imekuwa ikipata joto kwa kasi, na wataalamu wanatazamia vimbunga vikali zaidi, hata kama idadi yake haitaongezeka.

ONYO NA MWENYE KUONYA

Lakini onyo halimfai mtu asipomwamini anayelileta. Tarehe 14 Desemba 2024 kimbunga Chido kilipiga Maore, kisiwa cha jirani zetu wa Ngazija kilicho chini ya Ufaransa. Onyo lilitolewa, na mahali pa kukimbilia palifunguliwa. Lakini kisiwani mlikuwa na maelfu ya wahamiaji wasio na karatasi, wakikaa vibanda vya mabati milimani. Ilisimuliwa kwamba wengi wao walibaki humo kwa kuogopa kwamba mwito ule ni mtego wa kuwakamata. Upepo ukawakuta wamejifungia. Walisikia kila neno. Aliyelisema ndiye hawakumwamini.

Tuweke mfano wa pili kando yake. Bangladesh, nchi ya Waislamu wenzetu, ilipigwa na tufani Novemba 1970 wakafa watu wasiopungua 300,000, na tena mwaka 1991 wakafa kiasi cha 138,000. Leo tufani kubwa zingali zinafika pale pale, lakini wanaokufa aghalabu huhesabika kwa makumi. Nyumba imara za kukimbilia zimejengwa, kweli, lakini nyumba haimwiti mtu. Wanaowaita ni watu wa kujitolea, kazi iliyoanzishwa mwaka 1972, nao sasa ni zaidi ya 70,000, wanawake kwa wanaume. Ni wa kijiji kile kile. Hupandisha bendera, hupita mlango kwa mlango na vipaza sauti, na misikiti hutangaza kwa spika zake. Bibi kizee hatoki nyumbani kwa sababu ya ramani, lakini hutoka akiitwa na mjukuu wa jirani.

TUNACHO CHA KUFANYA

Kwetu, matangazo mengi hutufikia kwa hesabu: upepo wa noti kadhaa, mawimbi ya mita kadhaa. Hesabu hizo ni za haki, na mwenye meli anazihitaji. Lakini mvuvi wa Vanga au wa Kizingitini anataka kuambiwa kama ngalawa itaweza kurudi, kama avute chombo mpaka juu ya mstari wa bamvua, na mpaka lini. Mwenye nyumba ya makuti anataka kujua kama alale kwake au aende kwenye nyumba ya mawe ya ami yake.

Kuna na moja ambalo kila mtoto wa pwani angepaswa kulijua kama anavyojua kuogelea. Katikati ya kimbunga mna jicho, mahali palipotulia. Upepo ukikatika ghafla na mbingu kupambazuka, usidhani tufani imepita. Baada ya muda upepo hurudi kutoka upande wa pili, na huwakuta walio nje wakiokota mabati.

Basi rai yangu ni hii. Idara ya Hali ya Hewa, kamati za wavuvi, manahodha wazee waliobaki na maimamu wa misikiti ya ufuoni wakae mkeka mmoja kila mwaka kabla ya tanga mbili, kama wanavyokaa wale wa Bunyore kabla ya mvua. Wakubaliane maneno ya Kiswahili cha pwani yatakayotumika, na nani atayasema, na spika ipi itayatangaza. Na tufani ikipungua nguvu kabla ya kufika, yule yule aliyeonya arudi aeleze kwa nini imepungua, asiache baraza ijibu kwa kicheko.

Wako watakaosema tufani ni amri ya Mungu. Naam, ni amri yake. Lakini sisi tuliosoma chuoni tumefunzwa kwamba ngamia hufungwa kwanza, kisha ndipo hutawakaliwa. Ngalawa nayo ni ngamia wa bahari, na kamba tunayo. Tukae mkeka huo kabla ya tanga mbili ijayo, inshallah.