Nyumba inanuka baada ya kudekiwa: Kagua bomba kabla ya kumtuhumu jirani



Ndugu msomaji, ipo familia moja ya hapa Kashozi ambayo inaishi Mwanza kwa shughuli za biashara. Kama ilivyo desturi ya watu wetu wengi wa Bukoba na Muleba, wamejenga nyumba nzuri nyumbani, kwenye kibanja cha wazee, na huifungua mara moja au mbili kwa mwaka. Walifika siku mbili kabla ya Idd. Nyumba ilikuwa imefagiliwa na mashuka yamefuliwa, lakini mlango ulipofunguliwa walipokewa na harufu ya yai viza. Wakadeki kwa sabuni. Wakamwaga dawa ya choo. Usiku bibi akafukiza udi chumba kwa chumba, na kwa muda wa saa nzima nyumba ikanukia kama ya bwana harusi. Alfajiri harufu ikarudi vile vile.

Siku ya pili maneno yakaanza. Mmoja akasema nyumba inayokaa miezi bila adhana wala kisomo hupata wakazi wengine. Mwingine akakumbuka kuwa kuna jirani ambaye waliwahi kugombana naye mpaka wa kibanja, na huyo jirani ndiye aliyeonekana akipita nyuma ya nyumba. Ikabaki kidogo tu mtu mzima, jirani wa miaka mingi, aambiwe mchawi mbele ya Idd.

Mimi niliitwa kwa ajili ya mtoto wa miaka minne aliyekuwa akilalamika kichwa na kutapika. Nikampima malaria kwanza, maana kwetu hapa huwezi kuirukia. Hakuwa nayo, wala hakuwa na homa. Nikauliza analala wapi. Chumba chake kilikuwa kinapakana na bafu la wageni, na humo bafuni ndimo harufu ilikuwa kali kuliko mahali pengine pote.

"Mwanangu daktari," bibi akaniuliza, "tumsomee kwanza au tumpe dawa kwanza?"

Nikamjibu: "Msomeeni bibi, Qur'ani ni shifaa. Ila naomba pia jagi mbili za maji."

Nilimwaga jagi moja kwenye tundu la sakafuni pale bafuni na nyingine kwenye sinki la kunawia. Tukafungua madirisha, mtoto tukamhamishia chumba cha mbele. Tuliporudi kutoka kuswali Isha, bafu halikuwa na harufu, na mtoto alikuwa anakula ndizi. Jikoni kulikuwa na tatizo jingine, nitalieleza.

Siri ya jagi la maji ni hii. Chini ya kila sinki, kila choo cha kuvuta na kila tundu la bafuni panatakiwa pawepo bomba lililopinda kama shingo ya bata. Mafundi bomba huliita trapu. Maji unayomwaga yanapita, lakini kidogo hubaki kwenye ule mpindo. Maji hayo machache ndiyo mlango. Upande mmoja ni nyumba yako, upande wa pili ni shimo la maji machafu na hewa yake. Yakiwepo, hewa haipandi. Yakikauka, umefungua mlango wa shimo ndani ya chumba cha kulala. Mpindo huu wa maji aliupatia hataza ya choo cha kuvuta mtengeneza saa wa Kiskochi aliyeitwa Alexander Cumming, mjini London, mwaka 1775, na hadi leo hakuna kilichobuniwa kikauondoa. Nyumba iliyofungwa kwa miezi, maji yale hukauka yenyewe. Bafu la wageni katika nyumba inayokaliwa nalo hukauka. Udi hauwezi kulifunga tundu.

Mtu asiseme hili ni jambo la pua tu. Mwezi Machi 2003, wakati wa ugonjwa wa SARS, katika maghorofa ya Amoy Gardens huko Hong Kong waliambukizwa wakazi zaidi ya 300 ndani ya muda mfupi. Wachunguzi walikuta kwamba matundu ya sakafuni katika mabafu mengi yalikuwa yamekauka maji, na feni za kutolea hewa bafuni zilikuwa zikivuta hewa ya mabomba ya maji taka na kuileta ndani. Sisi hatuishi katika maghorofa ya namna ile, na sisemi kila harufu inaleta SARS. Ninachosema ni kwamba kile kimpindo kilichokauka kiliingia katika taarifa za magonjwa za dunia nzima.

Sasa jikoni. Pale niliinama chini ya sinki nikakuta bomba limeshuka moja kwa moja hadi ukutani, hakuna mpindo wowote. Fundi alikuwa amebana gharama, au hakujua. Bomba la namna hiyo hata ungelimwagia maji kila saa, harufu itapanda, kwa sababu hakuna mahali pa maji kukaa. Dawa yake ni kununua trapu na kuifunga. Ni kazi ya fundi ya nusu siku. Na wewe unayejenga, usingoje mpaka vigae vibandikwe ndipo uulize. Muulize fundi wako trapu ziko wapi, kisha muulize bomba la hewa liko wapi, yaani lile linalosimama kutoka kwenye mfumo wa maji taka na kupita juu ya paa. Bila bomba hilo, choo kikivutwa, maji yanayoshuka kwa nguvu huweza kunyonya na yale ya kwenye mipindo ya karibu. Ukisikia sinki linakoroma kila choo kinapovutwa, ndiyo dalili.

Kwa nyumba za zamani zaidi ya 2016 naongeza jambo. Tetemeko la tarehe 10 Septemba mwaka ule lilipasua kuta, na watu wakaziba nyufa walizoziona. Mabomba yaliyo chini ya sakafu na kuta za mashimo ya maji taka hazikuonekana, hivyo wengi hawakuzikagua. Kama mipindo ina maji na bado panatoka harufu kwenye kona ya ukuta au kwenye ufa wa sakafu, mwite fundi akague huko. Pia mvua zetu za Bukoba, ambazo kwa mwaka hufikia kama milimita 2000, hujaza ardhi. Shimo likijaa maji ya mvua, maji machafu hayana pa kunywea, hurudi nyuma. Harufu inayokuja masika tu na kuondoka kiangazi mara nyingi inatoka shimoni. Na shimo lenyewe lisiwe upande wa juu wa kisima au chemchemi, wala karibu yake chini ya mita 30.

Mafuta ya jikoni ni adui mwingine. Mafuta yaliyokaangia senene au sangara yakimwagwa kwenye sinki hupoa na kuganda ndani ya bomba, yakashika mabaki ya chakula, na yote yakaoza pamoja. Futa sufuria kwa karatasi au jani kavu la mgomba kabla ya kuosha. Bomba lililoanza kunuka limwagie maji ya moto yenye sabuni, kisha fungua ile trapu, weka ndoo chini, uisafishe kwa brashi. Wapo wanaosifu magadi na siki. Povu lake linafurahisha macho na linapunguza harufu kidogo, lakini halitoi mafuta yaliyoganda. Maji ya kuoshea vyombo tunayoyaelekeza migombani ni utaratibu mzuri wa wazee wetu, ilimradi yasituame. Yakituama yananuka, na mbu hawayaachi.

Naomba hapa akina mama na mabinti wanisikilize kwa makini. Usichanganye Jik na dawa ya choo yenye asidi, wala na siki, wala na maji ya betri ambayo wengine huyatumia kung'arisha choo. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza macho, koo na mapafu. Wako wanaomwaga cha kwanza, wakaona harufu haijaisha, wakamwagia na cha pili, mlango wa choo ukiwa umefungwa. Ukishikwa na kikohozi cha ghafla na macho kuwasha, acha kila kitu, toka nje, usirudi kuimwagia maji. Ukiendelea kubanwa kifua njoo zahanati siku hiyo hiyo, kwani mapafu huweza kuvimba saa kadhaa baadaye.

Na akina baba: msimteremshe kijana kwenye shimo la maji taka kuzibua au kuchota. Gesi ile yenye harufu ya yai viza ni nzito kuliko hewa, hukaa chini. Ikiwa kidogo inanuka sana. Ikizidi, inaua uwezo wa pua kunusa, hivyo mtu hudhani imeisha kumbe ndiyo imekuwa nyingi. Pumzi mbili tatu, ameanguka. Ndugu yake akimwona, anateremka kumwokoa, naye anaanguka. Hivi ndivyo nyumba moja inavyotoa majeneza mawili kwa siku moja. Shimo hunyonywa na gari, au huzibuliwa kwa mti mrefu mtu akiwa amesimama juu. Wala usimulike ndani kwa kibiriti, kwa sababu humo mna gesi inayowaka pia.

Wenye vyoo vya shimo nao wasijione wamesahaulika. Majivu ya jikoni, kopo moja baada ya kutumia, hupunguza harufu na nzi. Bomba la hewa lenye wavu juu yake, linalopita paa, huvuta harufu nje, na nzi wanaofuata mwanga hunaswa pale juu.

Nimalizie maswali mawili ya kisheria niliyoulizwa siku ile. La kwanza: je, aliyetawadha katika bafu linalonuka arudie udhu? Hapana. Wanazuoni wa Kishafii wamesema mvuke unaopanda wenyewe kutoka chooni, bila moto, si najisi. La pili ni la kukojoa bafuni. Katika Sunan za Abu Daud na Ibn Majah imepokewa kutoka kwa Abdillah bin Mughaffal (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kukojoa mahali anapoogea, kwa kuwa huko hutoka wasiwasi mwingi. Ibn Majah akanukuu maelezo ya mwanachuoni mmoja kuwa katazo hilo ni la mabafu ya udongo yenye shimo ambamo maji husimama. Ama yakishasakafiwa, mtu akakojoa kisha akayapeleka maji, hapana ubaya. Tazama jinsi walivyoangalia sakafu na njia ya maji kabla ya kutoa hukumu, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Hata hivyo, kwa bafu ambalo maji yake hayatoki vizuri, mimi nawaambia watoto wangu waende chooni.

Ile familia imerudi Mwanza baada ya Idd. Fundi alifunga trapu ya jikoni kwa siku moja. Kabla ya kufunga nyumba walijaza maji matundu yote, wakadondoshea juu yake kijiko cha mafuta ya kupikia, kwa kuwa mafuta huelea na kuchelewesha maji kukauka. Ufunguo wameuacha kwa jirani yule yule wa mpaka wa kibanja. Kila Ijumaa akitoka msikitini huingia na ndoo ya maji.