Kabla ya Kumsainia Mwenzako Fomu ya Mkopo

Katika SACCOS za kazini, ombi la udhamini huja kwa haraka: ni wakati wa chai ya saa nne, fomu iko mkononi, "Dada, nisainie hapa, ni jina tu linahitajika." Anayeombwa huona haya kukataa, hasa kama mwombaji alisimama naye msibani. Husaini bila hata kutazama kiasi. Nawaheshimu sana watu wenye moyo huo, ndiyo maana nataka wajue wanachokitia saini.

Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, wajibu wa mdhamini unalingana na wa mkopaji mwenyewe, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Mkopaji akiacha kulipa, deni linakufuata wewe, pamoja na riba. Kwenye SACCOS, mara nyingi akiba yako ndiyo inayoshikiliwa: huwezi kuitoa mpaka mkopo uishe au apatikane mdhamini mwingine. Siku unapotaka kukopa ada ya mwanao, unaambiwa akiba imefungwa na mkopo wa mtu mwingine. Wengi huanza kuelewa hapo.

Lakini sheria hiyohiyo inakuachia nafasi ya kuweka kikomo. Tuseme mkopo ni shilingi milioni 6 na wadhamini ni watatu. Fomu ikisema kila mmoja anadhamini deni lote, mkopeshaji anaweza kumgeukia yule ambaye mshahara wake ni rahisi kukatwa. Omba iandikwe, kwa tarakimu na kwa maneno, kwamba dhamana yako haizidi milioni 1, riba ikiwemo. Kiasi hicho kipime hivi: fedha hizi nikimpa ndugu huyu leo na zisirudi kamwe, nyumbani tutakula, na mimi naye tutaendelea kusalimiana? Kama jibu ni hapana, punguza. Zungumza kwanza na mwenzi wako, kwa kuwa akiba hiyo ni ya nyumba nzima.

Ukifika kwa mwombaji, taja kiasi, usijieleze sana: "Kaka, nitakudhamini kwa milioni 1, iliyobaki mwombe mwingine." Maelezo marefu hualika kubembelezwa.

Aliyekwisha kusaini naye ana haki zake. Masharti ya mkopo yakibadilishwa bila ridhaa yako, sheria inaweza kukuondolea wajibu kwa yanayofuata. Ukilipa deni, unachukua nafasi ya mkopeshaji na unaweza kumdai mkopaji ulichotoa. Wadhamini wenzako nao wanapaswa kuchangia. Kwa hiyo tunza stakabadhi, hata kama mdaiwa ni shemeji yako. Omba pia ofisi ikujulishe mara rejesho la kwanza linapokosekana. Rejesho moja lililopita mkopaji anaweza kulifidia mwezi unaofuata. Yakilimbikizana kumi, afisa mikopo atakuwa ameshakuandikia barua wewe.